Pua ya Pikapu

"Mwalimu, hiyo sponji unaitupa?"

Nilikuwa nimefungua bonneti pale Tabaka, juu kidogo ya machimbo ya mawe ya kuchonga, pikapu nimeiegesha chini ya mparachichi, natoa chujio la hewa nililolifunga wiki sita zilizotangulia. Juu ya chujio lenyewe nilikuwa nimevisha kipande cha sponji ya godoro kidake vumbi kubwa kabla halijafika kwenye karatasi. Sponji niliiweka ikiwa ya manjano. Siku hiyo ilikuwa nyeupe kama uji wa mtoto, na nilipoikung'uta kwenye bampa lilipanda wingu likanikalia mdomoni.

Aliyeuliza ni kijana anayenipakilia mawe. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, kope nyeupe, na kwenye mbawa za pua vumbi lilikuwa limeshikana na jasho likawa kama lipu. Nilimwuliza sponji chafu ya kazi gani. Akasema ataifua, aikate nusu, ajifungie puani kwa kamba ya kiatu wakati wa kukata jiwe. Hakuwa akitania. Alikuwa amekwisha kunyoosha mkono.

Nilimpa. Nikafunga chujio jipya, nikashusha bonneti, tukapakia. Lakini njia nzima hadi Suneka, na kutoka Suneka hadi Kisii mjini, nilikuwa nauona ule mkono.

Pikapu yangu ni Hilux ya zamani, injini ya dizeli ya 3L isiyo na tabo. Niliinunua nilipostaafu ualimu huku Nyamira. Hubeba ndizi kwenda soko la Daraja Mbili, na siku nyingine mawe ya Tabaka kwa wachuuzi wa mjini. Ilinifikia ikiwa haina uso. Shoo ilikuwa imevunjwa na ng'ombe, na paipu inayoleta hewa safi kwenye boksi la chujio haikuwepo kabisa, kwa hiyo injini ilikuwa ikivuta hewa ileile iliyoipasha moto yenyewe. Shoo ndilo jina ambalo mafundi wetu wanauita ule wavu wa mbele, na wengi huubadilisha kwa sababu hiyo hasa, gari lipendeze. Mimi nilitaka gari lipumue.

Dukani nilitajiwa bei ya shoo nikarudi nyumbani. Ghalani mwa marehemu baba kulikuwa na waya wa kukaushia kahawa, ule unaotandikwa kwenye vitanda vya kuanikia, wenye matundu ya kuzuia buni isidondoke. Baba aliacha kahawa akapanda chai, waya ukabaki umekunjwa nyuma ya majembe. Nilikata kipande kulingana na nafasi ya shoo, nikapinda kingo kwa koleo, nikakishika kwa riveti juu na waya wa kufungia chini, nikapuliza rangi nyeusi. Kabla yake nilikuwa nimejaribu wavu wa dirishani wa kuzuia mbu, nikidhani kadiri tundu linavyokuwa dogo ndivyo ulinzi unavyokuwa mkubwa. Ndani ya wiki moja uliziba kwa nyuzi za migomba, nondo na matope, na nilipokuwa nikipandisha na mzigo kuelekea Nyamira mshale wa joto ulipanda nikalazimika kusimama njiani. Rejeta inahitaji upepo. Wavu wa kahawa ulizuia mawe na majani, upepo ukaupisha.

Kwa ajili ya hewa ya injini nilinunua paipu ya plastiki ya inchi tatu, ya maji machafu ya bafuni, na kona mbili. Niliipitisha kando ya betri hadi nyuma ya taa ya kulia, mdomo wake ukae juu kuliko taa na uangalie chini, maana injini ikivuta maji ya mto badala ya hewa, maji hayabanwi. Kinachopinda ni mikono ya pistoni. Sehemu ya chini kabisa ya paipu nilitoboa tundu la penseli ili maji ya mvua yatoke. Maungio nilifunga kwa mpira wa tyubu na klipu. Pamoja na chujio jipya nilitumia shilingi 1,850.

Kwa nini nilijishughulisha hivyo? Nikiwa mwalimu wa hesabu, nilikaa nikapiga hesabu. Injini hii ina ujazo wa lita 2.8 hivi na ni ya mipigo minne, kwa hiyo kila silinda huvuta hewa mara moja katika mizunguko miwili. Ikizunguka mara 2,000 kwa dakika, inavuta karibu lita 2,800 za hewa kila dakika. Mtu aliyeketi ametulia anavuta lita 6 hadi 8. Pikapu yangu mlimani, basi, inapumua kama watu 400, kanisa letu lote siku ya makambi. Na hewa ya huku ni haba. Kisii mjini ni kama mita 1,700 juu ya bahari, Nyamira ni juu zaidi, na kwa mwinuko huo hewa imepungua uzito kwa asilimia 15 hivi kuliko ya Mombasa. Joto nalo linaipunguza: kila nyuzi 3 zinazoongezeka zinaondoa karibu asilimia 1. Ukivuta hewa ya nyuzi 60 kutoka kando ya injini badala ya ile ya nje ya nyuzi 24, umepoteza zaidi kidogo ya sehemu ya kumi. Dizeli inaingia ileile, hewa ya kuiunguza haitoshi, na ule moshi mweusi unaouona nyuma ya gari lililolemewa mlimani ni chakula kilichokosa pumzi.

Halafu kuna vumbi. Hapo nilifundishwa kwa hasara. Fundi mmoja alikuwa amenishauri tutoboe boksi la chujio gari lipate nguvu, nami nikamwachia. Alitoboa upande ambao hewa hupita ikiwa imekwisha kuchujwa. Gari lilipata sauti nzuri ya kuvuta. Lakini udongo wetu una chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda, na zikichanganyika na oili zinakuwa msasa. Haukupita mwaka gari likaanza kula oili na kutoa moshi wa buluu, na ringi nilizobadilisha zilinigharimu bei ya ndizi za miezi. Tangu siku hiyo kazi ya pua ya gari naifanya kwa mikono yangu.

Sabato moja baada ya ibada, mzee wa kanisa aliizunguka pikapu akaiangalia kwa muda. Ni mtu wa maneno machache na nampenda. Kwanza aliniuliza kama wavu ule ni pambo. Kwetu swali hilo si dogo, maana tumelelewa kutojipamba. Nilimwonyesha paipu, akaelewa. Ndipo akauliza la pili:

"Mwalimu, waliounda gari hili hawakujua pua yake inatakiwa kukaa wapi?"

"Walijua, Mzee. Waliiweka, ikapotea."

"Na hii sponji? Nayo waliiweka?"

Hawakuiweka. Akanyamaza, nami nikanyamaza. Nilijua swali lake lilikuwa limeshatoka kwenye gari. Huku kwetu kuna watu wengi wanaokataa miwani, dawa ya presha, hata mpango wa kumpasua mtoto mwenye mdomo uliogawanyika, na wanasema ndivyo Mungu alivyoumba, wewe ni nani wa kuongeza. Wanasema kwa unyenyekevu wa kweli. Kuongeza juu ya kilichoumbwa, je, si kumsahihisha aliyekiumba?

Nimelibeba swali hilo miezi kadhaa, na kilichonisaidia kuanza kulijibu ni kitabu cha gari. Waliounda Hilux waliandika kwamba kwenye barabara za vumbi chujio lisafishwe na libadilishwe mapema kuliko kawaida. Maana yake walijua kwamba kuna mahali wasipopajua. Walitengeneza gari moja kwa dunia nzima, wakamwachia mwenye gari kazi ya kujua anaishi wapi. Anayesafisha chujio kila wiki kwa sababu anakwenda Tabaka hajamkosoa mtengenezaji. Amemtii.

Nikarudi kwenye Mwanzo nikaona jambo ambalo nililisoma tangu utoto bila kuliona. Bustani ilikuwa njema. Mungu mwenyewe aliutazama uumbaji akauona mwema sana. Na bado mtu aliwekwa ndani yake ailime na kuitunza, kabla ya nyoka, kabla ya dhambi, kabla ya miiba. Ikiwa chema ni kile kisichobaki na kazi juu yake, basi jembe la Adamu lilikuwa tusi. Halikuwa tusi. Wema wa bustani ulikuwa na nafasi ya mikono ndani yake tangu mwanzo. Kanisani tunaliita jambo hili uwakili, na mara nyingi tunalifundisha siku za kukusanya zaka, kana kwamba wakili anatunza fedha tu.

Pua ya mwanadamu nayo ni njema. Ina vinyweleo, ina ute, ina kona za ndani zinazoilazimisha hewa kugeuka ili vumbi kubwa lijigonge ukutani na kubaki hapo. Inamtosha mtu anayelima mahindi na kutembea njia ya vumbi mwezi wa Januari. Lakini chembe ndogo kuliko sehemu ya mia ya milimita moja zinapita, na zile ndogo zaidi ya hizo zinafika chini kabisa kwenye vifuko vya mapafu. Jiwe la Tabaka ni laini kiasi kwamba unalikwaruza kwa ukucha, na kwa sababu ni laini linatoa unga mwembamba mno. Mtu akiuvuta unga huo mkavu miaka mingi, mapafu yanafanya makovu. Kovu la mapafu halirudi kuwa pafu.

Pale Tabaka, vumbi lina njia zake. Wanaume wanakata na kuchonga jiwe likiwa kavu, kwa msumeno, panga, kisu na tupa, na siku hizi wengine kwa grinda, ambayo inatoa wingu usiloweza kumwona mtu aliye nyuma yake. Wanawake wanasugua kinyago kwa msasa ndani ya beseni la maji. Kazi ya mwanamke inatoa tope jeupe linalomwagwa kando ya njia. Kazi ya mwanamume inatoa wingu. Nimepita hapo mara zisizohesabika, nikafunga vioo vya gari.

Hapa ndipo imani yangu inaponibana zaidi. Sisi Waadventista, tangu wamisionari wetu wa kwanza katika nchi hii walipofika Gendia mwaka 1906 na ujumbe ukapanda hadi Nyanchwa hapa Kisii, hatufundishi kwamba mtu ana roho isiyokufa iliyofungiwa mwilini kama ndege katika tundu. Tunafundisha kwamba Mungu alichukua mavumbi, akapulizia puani pumzi ya uhai, na hayo mawili pamoja ndiyo nafsi hai. Pumzi ikitoka, nafsi haiko mahali pengine ikitutazama. Mtu amelala, anangoja ufufuo. Nimelifundisha somo hilo katika Shule ya Sabato kwa miaka mingi, hasa wiki za misiba, na limewafariji watu. Lakini nililifundisha kama somo la wafu. Sikuwahi kulipeleka machimboni kwa walio hai.

Maana kama nafsi ni mwili pamoja na pumzi, basi hakuna chumba cha ndani ambamo vumbi halifiki. Siwezi kusema kwamba unga ule unaharibu mapafu ya kijana lakini yeye mwenyewe yuko salama mahali fulani ndani yake. Yeye mwenyewe ndiye anayepumua. Mungu alipotaka mtu awe hai aliweka uhai huo puani, palepale kijana anapotaka kufunga sponji.

Jirani yangu Mkatoliki, ambaye tunakutana kwenye kituo cha kupimia majani ya chai, aliniambia kwamba kwao pia, pamoja na roho isiyokufa, mwili ni hekalu, na anayelijaza hekalu vumbi atajibu. Ni kweli, sina ubishi naye. Nasema tu kwamba fundisho letu limeniondolea mahali pa kujificha.

Na lugha yetu imelijua jambo hili muda mrefu. Pumu, pumua, pumzi, pumzika: ni ukoo mmoja. Anayepumzika ni anayerudishiwa pumzi. Siku ya Sabato pikapu yangu haibebi mzigo, na nilizoea kuifikiria siku hiyo kama siku ya kuacha kazi. Kijana hana kanisa moja na mimi, lakini Jumamosi na Jumapili machimboni kwao kuna mawe machache ya kukata. Aliniambia kwamba Jumatatu asubuhi ndiyo siku pekee anayoamka bila kukohoa. Alilisema hilo huku akifunga kamba ya turubai, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Kwa hiyo nilipiga hesabu nyingine. Shilingi 1,850 kwa pua ya pikapu. Kwa pua ya kijana, kipande cha sponji nilichokuwa nakitupa. Naliandika hili kwa sababu nadhani wengi wetu tuna hesabu kama hiyo. Injini ikiharibika, hasara ni yangu na inajulikana siku hiyohiyo. Pafu likiharibika, inachukua miaka kumi na tano, na hasara inapelekwa kwa mama yake.

Mzee wa kanisa aliponisikia alisema kijana ni mtu mzima, si mtumwa wangu, amechagua kazi yake. Ni kweli simwajiri; analipwa kwa safari, kama wote. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi na vumbi, lakini machimboni Tabaka wengi hawana mwajiri, kila mtu ni wa jiwe lake. Hata hivyo Kaini naye aliuliza kama yeye ni mlinzi wa ndugu yake. Nilimwambia Mzee hivyo. Hakukasirika. Aliuliza: "Sasa utafanya nini?"

Nilianza na barakoa. Nilinunua boksi zima nikawagawia. Siku ya tatu zote zilikuwa zimeshuka kidevuni. Siwalaumu. Jua la saa saba, jasho, karatasi inalowa na kung'ang'ania mdomo, na mtu anayekata jiwe anahitaji kupuliza unga ili aone mstari. Ni kosa lilelile la wavu wa mbu: ulinzi unaoziba pumzi, mwenye kupumua atauvua.

Ndipo nikawatazama wanawake na mabeseni yao. Kipande cha paipu kilikuwa kimebaki nyumbani, na kona moja. Nilifunga jerikeni ya lita 20 juu ya kingo ya pikapu, nikateremsha paipu, mwishoni nikatia kibomba kidogo cha kudondosha tone moja moja juu ya jiwe mahali msumeno unapopita. Unga unakuwa tope kabla haujapanda. Ni rahisi hivyo, na si rahisi. Jiwe lililolowa linateleza. Maji yanaficha nyufa, na fundi asiyeona ufa anaharibu kinyago cha siku nzima. Tena maji ya Tabaka yanapanda kutoka kijitoni kichwani mwa msichana wa mtu. Nikimwambia kijana atumie maji, nimeuhamishia mzigo mgongo mwingine. Kwa hiyo nabeba kutoka nyumbani, jerikeni tatu kila safari. Hizo ni kilo 60 za mawe nisizoweza kupakia. Mchuuzi ananiuliza mbona mzigo umepungua, nami namweleza, na mpaka sasa ananilipa kulingana na mawe, wala sioni kwa nini alipe vingine. Wachongaji wawili wanatumia maji. Wengine wanasema watajaribu kiangazi kikipita.

Sijui kama hilo linaitwa ibada. Nimewahi kusimama mimbarini nikaimba Nyimbo za Kristo kwa moyo wote huku gari nje likiwa na chujio safi kuliko mapafu ya aliyelipakia, na sikusikia tofauti yoyote katika sauti yangu. Hilo linanitisha kuliko swali la Mzee.

Jumatano iliyopita nilifika Tabaka saa tatu asubuhi. Kijana alikuwa amekwisha kulaza jiwe la rangi ya waridi juu ya magogo. Tulifungua kibomba, akaanza kuvuta msumeno, na maji meupe yakateremka ubavuni mwa jiwe, yakapita kwenye vidole vya miguu yake, yakaingia kwenye majani. Nyusi zake zilikuwa nyeusi. Alikohoa mara tatu, nne, kikohozi cha zamani, akainamisha kichwa hadi kilipopita, kisha akaendelea kukata. Sponji alikuwa ameifua, ameianika kwenye kioo cha pembeni cha pikapu, na kamba ya kiatu bado imefungwa.